Mkunga wa Mashine

Katika Mpanda nzima, tangu reli ifike, hajawahi kutokea mkunga aliyejaribu kuzalisha mashine. Isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni mimi, Masele wa Kasekese, mwenye cheti cha kidato cha nne kilichofungwa kwenye plastiki na kutundikwa ukutani juu ya redio.

Msicheke kwanza. Ngojeni nifike mahali pa kuchekea.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha kula madaraja na kushiba. Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja. Nasema "nilikuwa na" kwa kujipa heshima tu, maana ng'ombe huyo, aitwaye Madoa, alikuwa wa mzee Machibya. Mzee huyo alihama kutoka Shinyanga na ng'ombe wengi kiasi kwamba wakinywa maji mtoni, samaki wanabaki wamesimama.

Kwa desturi yetu Wasukuma, mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa wenzake wamfugie. Wewe unakunywa maziwa na kupata samadi, yeye anabaki na ng'ombe wake. Ukifuga vizuri, siku moja unapewa ndama wako mwenyewe, na kuanzia hapo unakohoa kwa sauti nzito kwenye mikutano ya kijiji.

Ndama wa kwanza wa Madoa alikwenda kwa Machibya. Wa pili vilevile. Kuhusu wa tatu, mzee alitamka mbele ya mke wangu Kabula na majirani.

"Ndama wa tatu ni wa mkono utakaompokea," alisema. "Akidondoka chini bila kupokewa, ni wangu."

"Mkono wenyewe huu hapa!" nikasema, nikauinua kama mgombea udiwani.

Nilikuwa na sababu ya kuringa. Kijiji kizima kilijua kwamba Masele anazijua dalili. Ng'ombe akiinua mkia, najua. Akijigeukia ubavuni, najua zaidi. Nikimshika kwenye nyonga naweza kukwambia kama atazaa asubuhi au jioni. Nilikuwa nasema hayo hata nisipoulizwa. Ilifika mahali wanawake wenye mimba wakiniona wanabadilisha njia, wasije wakatajiwa siku.

Sasa, katika uzao wa pili Madoa alipata shida. Alizaa, lakini akalala chini akakataa kusimama, mpaka bwana mifugo Damiano alipokuja kumchoma sindano. Akaniagiza: safari ijayo niite mapema, na dawa uwe umeinunua.

Basi asubuhi moja nikamwona Madoa kiwele kimejaa na nyonga zimelegea. Nikamzunguka. Nikamshika. Nikafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Kesho jioni," nikatangaza.

"Mimi naona ni leo," akasema Kabula.

"Mama Nashon, wewe umesomea wapi?"

Alinifungia debe dogo la samli nyuma ya baiskeli, samli aliyoitikisa yeye kwa mikono yake, ili niiuze mjini ninunue dawa. Kisha akashika usukani kabla sijaondoka.

"Baba Nashon, nenda, mlete bwana mifugo, rudi. Usianze kumweleza kila mtu jinsi ng'ombe anavyozaa."

"Mimi?"

"Wewe."

Mjini mambo yalikwenda kama nimeyapiga pasi. Samli ikanunuliwa sokoni kabla sijaisifia. Damiano nikamkuta machinjioni, anagonga mihuri kwenye nyama.

"Nimalize hizi," akasema. "Wewe kanunue dawa, halafu unisubiri kwa Theopista. Nitakupitia na pikipiki."

Duka la dawa lilikuwa na foleni. Jua lilikuwa kali. Nikaona si vibaya nikanywe soda kwanza, foleni ipungue. Maafa mengi ya wanaume huanza na soda.

Theopista alikuwa mama wa Kifipa mwenye baa karibu na stesheni. Nilipoingia, watu hawakuwa mezani. Walikuwa wamesimama pembeni wamenipa migongo, kimya, kama watu waliokuja kutazama maiti. Nikasogea. Sikuona maiti. Niliona mashine.

Ilikuwa imeshuka na treni ya mizigo kutoka Tabora, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Dar. Ilikuwa na urefu wa kabati na kioo kama cha televisheni, na ndani ya kioo picha zilizunguka: nanasi, kengele, chungwa, nanasi. Chini palikuwa na tundu la kumezea sarafu na kibakuli cha kutapikia. Jenereta ya Theopista ilinguruma nje kwa ajili yake peke yake, maana hata friji ilikuwa imenyang'anywa umeme.

"Kaka Masele," akasema Theopista, "mananasi matatu yakisimama mstari mmoja, anatoa zote alizokula."

"Mimi si mtoto," nikasema. "Mimi nasubiri bwana mifugo."

Nikanywa soda yangu kwa heshima. Chenji ilikuwa sarafu moja. Sarafu moja mfukoni, ndugu zangu, ni mdudu. Inatembea. Nikasema niitoe inipe utulivu. Nikaitumbukiza, nikabonyeza.

Picha zikazunguka. Zikasimama. Kengele mbili! Na papo hapo lile kabati likapiga muziki, taa zikawaka nyekundu na kijani, na sarafu zikaanguka kibakulini: kwarakwara-kwara!

Nataka mnielewe. Katika maisha yangu yote hakuna kitu kilichowahi kunifurahia namna ile. Nilipofaulu kidato cha nne baba aliniuliza kama nimekwisha kunywesha ng'ombe. Siku ya harusi yangu mpiga ngoma aliugua. Na sasa, mbele ya watu wa Mpanda, chombo kilichotoka ng'ambo kilinipigia muziki chenyewe, bila kuombwa!

"Anakupenda huyo," akasema mtu mmoja nyuma yangu.

Aliyesema hivyo alikuwa Gervais, fundi seremala kutoka makazi ya wakimbizi Warundi ya Katumba, aliyekuja mjini kuuza viti. Alikuwa ameshika sarafu moja tu kati ya vidole viwili, anaigeuzageuza.

Nikavuta kiti. Nikacheza tena. Nikala kidogo, nikaliwa zaidi. Lakini kuna ujanja mmoja ambao sikuuona siku ile. Ukitumbukiza sarafu kumi akakurudishia tatu, anakupigia muziki uleule! Taa zilezile! Nami nikawa nageuka kuwatazama watu kama bwana harusi, huku nimetoka kuibiwa saba.

Halafu kikaja kile kitu chenyewe. Nanasi la kwanza likasimama. Nanasi la pili likasimama. La tatu likaja polepole, polepole, likachungulia juu ya mstari, likapita kidogo tu, kama upana wa ukucha. Pembeni kukawa na chungwa.

Baa nzima ikasema, "Aaaah!"

Mtu mwingine hapo angesema nimekosa. Mimi moyo ulinidunda kwa sababu nyingine kabisa. Dalili! Nilikuwa nimeona kwato za ndama zimechungulia na kurudi ndani! Mfugaji gani anaona kwato halafu anaondoka zizini?

"Huyu," nikawatangazia, "ana mimba pevu. Iko karibu."

"Nani?" akauliza Theopista.

"Huyu hapa. Tazameni taa za chini zinavyopepesa. Huo ni mkia. Na mguseni hapa ubavuni. Joto!"

"Ana joto kwa sababu nyuma ya ukuta huo ni jiko langu la mishikaki."

Wataalamu huwa hatujibizani na majiko.

Nikaanza kazi. Nikaacha kubonyeza kwa nguvu, nikawa nabonyeza kwa kidole cha pembeni, taratibu, kama unayeshika chuchu ya ng'ombe mwenye kidonda. Kabla ya kila sarafu nikampigapiga ubavuni. Kisha nikampigia mluzi ule wa kumtulizia ng'ombe ili aachie maziwa. Nanasi, nanasi, chungwa. Mnaona? Mluzi umesaidia! Nanasi, kengele, nanasi. Mnaona? Ameshtuka, kuna mtu amekohoa. Nani amekohoa? Atoke nje!

"Yampaye Imana!" akasema Gervais, akimwita Mungu kwa Kirundi. "Fundi, hii ni bati na kioo."

"Wewe Gervais unajua meza. Meza haizai."

"Na hii?"

"Subiri uone."

Siri iliyonifunga kwenye kile kiti nitawaambia. Mwanzoni nilikaa kwa ajili ya kupata. Baadaye sikukaa tena kwa ajili ya kupata. Nilikaa kwa sababu ya Gervais. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sarafu yake moja, kama fisi anayengoja ng'ombe azae. Mimi nimemlisha huyu mnyama tangu asubuhi, mluzi nimempigia mimi, halafu niinuke, Gervais akae, atumbukize moja, ndama amdondokee miguuni? Nilimwona kabisa kichwani mwangu Gervais akiondoka na ndama wangu begani. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

Kwa hiyo kadiri nilivyozidi kuliwa, ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika. Nilikuwa nimepata hesabu ambayo kidato cha nne hawaifundishi.

Pikipiki ikaunguruma nje. Damiano akaingia na begi lake, koti jeupe lina madoa ya muhuri.

"Masele, twende."

"Bwana mifugo, subiri. Iko karibu."

Damiano akashtuka. "Ng'ombe? Umemleta hapa?"

"Mashine."

Damiano alinitazama. Akaitazama mashine. Akamtazama Theopista, naye Theopista akainua mabega kama mtu ambaye hajui mgonjwa ni wa nani.

"Dawa iko wapi?"

"Dawa itanunuliwa na huyu. Bado kidogo tu."

"Masele, una ng'ombe kule anayeweza kuzaa leo."

"Kesho jioni," nikasema, macho kwenye kioo. "Nimemshika nyonga."

"Nyonga za huyu je, umezishika?"

Watu wakacheka. Na mimi, badala ya kuinuka kwa aibu, nikainama zaidi. Aibu nayo ni gundi, msiidharau. Ukichekwa umekaa, unaona dawa pekee ni kushinda hapohapo ulipokaa, mbele ya haohao waliokucheka.

"Bwana mifugo, tangulia," nikasema. "Nitakukuta njiani."

"Kwa baiskeli? Utaikuta pikipiki njiani?"

"Bado kidogo, nimesema!"

Akaondoka. Nilisikia pikipiki ikishika barabara ya kwetu, na kwa sekunde moja nilitaka kuinuka nimfuate. Lakini picha zilikuwa zinazunguka.

Nanasi.

Nanasi.

La tatu likaanza kushuka. Polepole kuliko siku zote. Hakuna aliyepumua. Hata Gervais aliacha kugeuzageuza sarafu yake. Likafika kwenye mstari, nikaona majani ya juu, nikaona kiuno, na mimi nikainuka nusu, mikono nimeitanguliza mbele wazi, tayari kupokea...

Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Ndani yake nikamwona mtu mmoja mwenye jasho, ameinama, ametanua mikono mbele ya kabati.

"Dizeli imekwisha," akasema Theopista. "Kesho."

"Kesho!" nikapiga kelele. "Unamwacha katikati ya uchungu? Ndama atamfia tumboni!"

"Kaka Masele, pesa ya dizeli ninayo? Wewe ndiye unayecheza."

Hapo sasa ndipo mahali pa kuchekea niliposema nitawafikisha. Ilikuwa imebaki pesa ya dawa. Nilikuwa nimeifunga kwenye kona ya leso nisiichanganye na ya kuchezea, maana mimi ni mtu makini. Nikaifungua leso. Pesa ya sindano ya kumsimamisha Madoa ikaenda kituoni ndani ya galoni, ikarudi dizeli na chenji ya kuchezea. Nikaimimina mwenyewe kwenye jenereta, nikisema moyoni kwamba, ukitazama vizuri, hii nayo ni dawa ya uzazi.

Jenereta ikanguruma. Kioo kikawaka. Watu wakakusanyika upya.

Haikuwa na mananasi. Ilileta kengele, chungwa na maandishi ya Kiingereza yanayomkaribisha mgeni. Mgeni! Nikabonyeza, nikampigia mluzi, nikampapasa ubavuni. Hakunikumbuka. Ng'ombe ukimlambisha chumvi mara moja, hata ukimuuza Namanyere, ukipita huko ataacha majani akutazame. Huyu alikuwa amekula samli ya mke wangu mchana kutwa, na kufumba na kufumbua hajui kama niliwahi kuzaliwa.

Sarafu ya mwisho ikaenda. Nikainuka.

Gervais akakaa. Akatumbukiza sarafu yake moja. Muziki ukapigwa, sarafu mbili zikaanguka. Akaziokota, akainuka.

"Mbona unaondoka?" nikamshika mkono. "Iko karibu!"

"Karibu na nani?" akauliza Gervais, akaenda kununua mishikaki.

Nilipanda baiskeli nikaelekea Kasekese. Njia nzima nilitunga maelezo. Kufika korongo la kwanza nilikuwa nimeporwa na majambazi. Kwenye daraja lililoliwa na mvua, majambazi wakaongezeka, wakawa na bunduki. Nilipoona miti ya nyumbani nikawaacha wote porini, kwa sababu niliona pikipiki ya Damiano uwanjani, na watu zizini.

Jua lilikuwa linazama. Madoa alikuwa amesimama, analamba. Aliyekuwa analambwa alikuwa ndama jike, mwekundu, paji la uso jeupe, anajifunza miguu. Kabula alikuwa ameketi chini, kanga imelowa mpaka kifuani, mikono imeganda damu mpaka viwikoni. Mzee Machibya alikuwa kwenye kigoda, amejifunika shuka.

"Leo," akasema Kabula. Neno hilo moja tu.

"Alizaa alasiri," akaeleza Damiano. "Nimefika miguu iko nje, mama huyu anavuta. Mimi nilishika mkia tu. Na sindano nimempa iliyokuwa kwenye begi langu."

"Ndama anatafuta nini, mayu?" mzee Machibya akamuuliza Kabula, akimwita mama kwa Kisukuma, kana kwamba mimi ni nguzo ya zizi.

"Anatafuta kunyonya, baba."

"Mpeleke. Ni wako. Nilisema ni wa mkono utakaompokea. Mkono nimeuona."

Nikautazama mkono wangu, ule wa mgombea udiwani. Ulikuwa unanukia dizeli.

"Samli yangu je?" akauliza Kabula.

Nilifungua mdomo. Majambazi hawakuja.

"Ni... imekuwa dizeli, Mama Nashon."

Ikabidi nieleze. Nilieleza yote: mananasi, mluzi, joto la ubavuni, Gervais. Damiano alikuwa anaongeza pale nilipopunguza. Watoto walicheka, majirani walicheka, Madoa mwenyewe aliacha kulamba. Mzee Machibya pekee hakucheka. Alisikiliza kama anayesikiliza kesi ya mpaka, mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu Masele. Huyo mnyama wa mjini. Ulikuwa umekaa upande gani?"

"Mbele, baba. Kwenye kioo."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Hata kama angekuwa na mimba," akasema, "nani anangoja ndama usoni?"

Baadaye, nilipokwenda tena mjini, nilimkuta fundi wa mfanyabiashara yule amemfungua mnyama wangu wa bati kwa nyuma. Ndani palikuwa na sanduku la bati, limejaa sarafu mpaka hazitikisiki. Fundi alilikumbatia akalipeleka stesheni. Kumbe mnyama yule alikuwa anazaa kila wiki, bila shida yoyote. Ila mkunga wake alikuwa anajua upande.

Ndama yule Kabula alimpa jina mwenyewe. Alimwita Bado Kidogo. Na kwa kuwa mchungaji wa nyumba ile ni mimi, kila jioni nilisimama ukingoni mwa mbuga, mtu mzima mwenye cheti, nikaita kwa sauti: "Bado Kidogo! Bado Kidogooo!" Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani waliitikia kwa pamoja: "Iko karibu!"

Mwaka uliofuata Madoa akashika mimba tena. Siku kiwele kilipojaa nikaingia zizini, nikamzunguka, nikamshika nyonga, nikafumba macho. Nilikuwa nafungua mdomo nitangaze siku.

Kabula alikuja na kigoda. Alinishika mkono, akanipitisha ubavuni mwa Madoa mpaka mkiani, akakiweka pale, akanikalisha.

Nikakaa. Na kwa mara ya kwanza katika taaluma yangu, sikumwambia mtu chochote. Madoa ndiye aliyetangulia kunena, akainua mkia. Kilichodondoka hakikuwa ndama, kilikuwa samadi.